Sahani ya Kwanza ya Luhende

Wazee wangu shikamooni, wenzangu wote poleni na msiba, Bwana asifiwe. Mimi ni Suzana Shimba, mdogo wake marehemu, muuza vitenge pale Mabatini, na ninajua kabisa kwamba kamati ya mazishi ilipenda historia hii isomwe na mwanaume wa ukoo, aisome kwa upole, ataje tarehe, aketi. Tarehe nitazitaja. Lakini dada yangu, siku chache kabla hajafumba macho, alinishika mkono mbele ya Mchungaji Obedi huyu hapa, akasema asome Suzana, na aseme yote, maana asiposema atapasuka, kisha akaniachia agizo moja la kutekeleza nikishamaliza kusema. Agizo hilo silipendi hata kidogo, na nitawaambia ni lipi tukifika mwisho, kwa hiyo mwenye haraka avumilie.

Marehemu Dorcas Ng'washi Shimba alizaliwa tarehe 12 Mei 1940, huko Kayenze, ufukweni mwa ziwa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Shimba, mvuvi na mkulima wa pamba, na mimi nikiwa kitinda mimba, ndiyo maana nililelewa zaidi mgongoni mwake kuliko mgongoni mwa mama. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1950 hadi 1953, akafika darasa la nne, akiwa anaongoza kwa kusoma, ndipo mama alipougua na baba akaamua kwamba masomo yake yaishie hapo, na dada alilia wiki nzima, kwa sababu wakati huo alikuwa bado hajajifunza kukatizwa. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1956, akaingia kwaya, na sauti yake wengi wenu mnaikumbuka, hata wale waliokuwa wakijifanya hawaisikii.

Tarehe 9 Agosti 1958 alifunga ndoa na Ndalahwa Ngosha wa kitongoji hiki cha Ilambila, hapa Kisesa, kwa mahari ya ng'ombe ishirini, ambao kati yao wawili walikuwa wamekondeana, na baba alilalamikia mbavu za ng'ombe wale mpaka anaingia kaburini. Walijaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, wakabaki Tereza, aliyezaliwa mwaka 1961 na sasa anaishi na mume wake Mkolani, na Shimba, aliyezaliwa mwaka 1973 akapewa jina la babu yake. Kuanzia mwaka 1965 marehemu alifanya kazi katika kinu cha kuchambua pamba, akapanda mpaka akawa msimamizi wa kina mama wa zamu ya mchana, akaendelea hadi mwaka 1992 kinu kilipopunguza watu, akarudi nyumbani na kiinua mgongo kidogo na kikohozi cha vumbi la pamba.

Mpaka hapo hakuna asiyekubaliana nami. Sasa tukae vizuri.

Tarehe 30 Novemba 1993 shemeji Ndalahwa alifariki, na arobaini haijaisha, mdogo wake, Luhende Ngosha, yule pale aliyevaa koti la kijivu, ambaye alikuwa na bado ni mkuu wa sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi, la Ilambila, alileta wazee kusema kwamba sasa ni zamu yake kumrithi mjane. Dada aliwapa viti, akawapa maji ya kunywa, kisha akawaambia kwamba kinachorithiwa ni jembe, yeye ana Bwana mmoja mbinguni na mume mmoja kaburini, na hao wanamtosha. Wazee wawili walicheka. Luhende hakucheka, na tangu siku hiyo mimi nilijua kuna jambo, kwa sababu mwanaume anayechekwa mbele ya wazee hasahau.

Na tusidanganyane kwamba alikuwa anamtaka dada yangu kwa uzuri wa macho yake. Alikuwa anataka lile shamba la barabarani, maana soko huria la pamba lilikuwa linanukia, na mwaka 1994 lilipoingia, wanunuzi binafsi wakawa wanapita na magari yao wakitafuta mahali pa kujenga maghala, na shamba la Ndalahwa liko lami inapopita, nani asingelitaka. Mwisho wa Agosti mwaka huo ng'ombe waliibwa kitongojini, yowe likapigwa, kila nyumba ikatakiwa itoe mtu wa kufuatilia wezi, na nyumba ya dada haikutoa, kwa kuwa mwanawe Shimba alikuwa Mwanza, Mwaloni, akipakua sangara, na dada mwenyewe alikuwa Mabatini akinikanda mimi, niliyekuwa nimelala na homa sijitambui. Alieleza. Nilikuja mimi mwenyewe, bado natetemeka, nikaeleza. Luhende akasimama akasema sheria ya jadi haina homa, na tarehe 4 Septemba 1994 dada yangu akatengwa.

Kwa wageni mliotoka mbali na hamjui, mtu akitengwa huku kwetu hasalimiwi, hapewi kaa la moto la kuwashia jiko, kisimani akifika wenzake wanaondoka, mashine ya kusaga inazimwa, na akifiwa hazikiwi. Anayemsalimia naye anatozwa faini. Na adhabu haifutwi mpaka aliyetengwa alete fahali, amchinje, awapikie waliomtenga, wale naye, ndipo arudi kuwa mtu. Dada akasema fahali hatoi, kwa sababu kutoa ni kukiri, na yeye hana la kukiri.

Basi tarehe 19 Machi 1995, Shimba wetu, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alirudi kutoka Mwaloni akiwa na malaria iliyompanda kichwani, akafia pale ndani, kwenye chumba kile chenye dirisha la buluu. Dada akatoka nje akapiga yowe. Watu wa Ilambila, mlilisikia, maana yowe la mama aliyefiwa halihitaji upepo, na milango yenu ikafungwa mmoja baada ya mwingine, mimi niliisikia kwa masikio yangu. Aliyekuja ni Mama Maulida, muuza maandazi wa njia panda, na mume wake Mbaruku, watu wa dini nyingine kabisa, na alipotishwa kwamba atatozwa faini alisema yeye si wa jeshi lenu, hajala kiapo chenu, na kama mnataka maandazi kesho mkayachome wenyewe. Kaburi la Shimba lilichimbwa na Mbaruku, na Mchungaji Obedi, na mume wa Tereza wa Mkolani ambaye ni karani na hajawahi kushika sururu. Mtakapokwenda kumzika mama yake mtaliona mkono wa kushoto, limepinda, upande wa kichwa ni mpana kuliko wa miguu, kwa sababu lilichimbwa na watu wasiojua kuchimba makaburi. Na leo nimewaona asubuhi na majembe yenu, kumi na wangapi sijui, mmechimba kaburi limenyooka kama meza. Mungu anawaona.

Msije mkamgeuza dada yangu malaika kwa kuwa amekufa. Miaka ile miwili iliyofuata alikuwa na moyo mgumu kama wangu huu, alikuwa hali vizuri, halali, akisali anataja majina yenu kwa Mungu, na si kwa kuwaombea heri, alikuwa anaomba mvua iruke mashamba yenu. Aliacha kuimba. Kazi yake ilikuwa moja, kesi, maana Luhende alikuwa ameshampa mnunuzi shamba la barabarani na ghala limeshaanza kujengwa, na dada alikuwa amemshtaki mahakamani Magu, na ushahidi wote tulikuwa nao, na shauri likapangwa kusikilizwa tarehe 22 Julai 1997. Siku hiyo mimi niliisubiri kama watu wanavyosubiri harusi. Nilimletea kitenge kipya, doti nzima, kile cha maua ya njano, ili Luhende atakapoaibika aaibike mbele ya mwanamke aliyependeza.

Tulitoka mapema kwenda barabarani kusubiri gari la Magu, tukapita katikati ya pamba, na watu wote walikuwa kituo cha kuuzia, ulikuwa msimu. Ndipo tukasikia mtu analia. Alikuwa Justa, mke wa mtoto wa Luhende, alikuwa anakwenda zahanati kwa miguu, uchungu ukamshikia njiani, amelala kwenye matuta, peke yake. Alipomwona dada alianza kujivuta nyuma kwa viwiko, jamani, mwanamke mwenye uchungu anajivuta nyuma kwa kuogopa faini! Mimi nilimwambia dada twende, gari linakuja, watapita wengine, na huyu ni wa nyumba ile ile. Ndiyo, nilisema hivyo, na siombi radhi, ningesema tena.

Dada alisimama kidogo. Akalitazama gari, ambalo lilikuwa limeshaonekana kule kilimani, akamtazama Justa, kisha akaniambia nimshikie mkoba. Akavua kile kitenge cha maua ya njano, akakitandika kwenye udongo, akabaki na gauni la ndani na kanga, akapiga magoti. Gari likapiga honi, likasimama, likaondoka. Mtoto alizaliwa kabla jua halijawa kali, wa kike, akafungwa kwenye kitenge changu, na kesi ile ikafutwa kwa sababu mlalamikaji hakutokea. Luhende alitoka mahakamani anacheka, hajui kwamba wakati ule ule mjukuu wake yuko mikononi mwa mwanamke aliyemkataza dunia nzima.

Na mnajua dada alifanya nini? Aliimba. Tunarudi nyumbani, mimi nalia kwa hasira mpaka kamasi, yeye anaimba, sauti ile ile ya kwaya ambayo nilikuwa sijaisikia tangu Shimba afe. Nikamuuliza kama amepata wazimu. Akaniambia, Suzana, kila siku nilikuwa naona Bwana anasema njoni mnaolemewa na mizigo, na mimi nikajua mzigo wangu nitautua Magu, kumbe kanikatiza njiani ili niutue hapa, nimepiga magoti nao na nimeinuka sinao, nimeutafuta hata sasa siuoni. Nikamwambia hongera, wa kwangu ninao, na sina haja ya kuutua. Akacheka, akanishika bega.

Kuanzia siku hiyo dada yangu alikuwa huru, na mniangalie vizuri ninaposema huru, maana adhabu yenu ilikuwa palepale, fahali hakulipwa, kaa la moto hakupewa. Lakini kila asubuhi akikutana na Luhende njiani alisimama kumwambia habari za asubuhi, shemeji, na Luhende akiangalia upande wa pili kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, na sasa watu wakawa hawajui ni nani hasa kati yao aliyetengwa. Na ndipo ilipoanza ile tabia yake ya hodi. Mtu akibisha, awe mgeni, awe mlevi, awe mtoto katumwa chumvi, dada anaacha alichokuwa anafanya, anasema hodi ni ya Mungu, mtu ni mjumbe tu. Maharage yameungua nyumba hii mpaka sufuria zikawa nyeusi ndani. Mkaanza kuja mmoja mmoja jioni kwa kificho, huyu mtoto wake hanyonyi, yule kagombana na mume, mnaingia kwa mlango wa uani ili Luhende asijue, na mchana mnampita kisimani kama hamjamwona. Wanafiki wakubwa ninyi. Yeye aliwapokea, mimi ningewamwagia maji ya vyombo.

Justa alimpa mtoto jina la Ng'washi. Babu yake akakataa, akasema jina la mtu aliyetengwa halitamkwi uani kwake, akamwita Precious, jina alilolisikia kwenye redio. Mtoto ana miaka miwili sasa na haitikii Precious, mwite mpaka kesho. Na lile ghala, kwa kuwa nimeahidi kusema yote, mnunuzi alihama msimu wa pili bei ya pamba ilipoanguka, hajaaga, na leo wanalala humo popo na mbuzi wa watu. Mungu si Athumani.

Mwezi Januari mwaka huu wa 1999 marehemu alianza kuumwa tumbo, akapelekwa hospitali Mwanza, ikaonekana ni uvimbe, na ulikuwa umeshaenea. Nililia mimi. Yeye alisema mgeni huyu sikumwalika, lakini ameshaingia, mpeni kiti, tuone kaleta ujumbe gani. Alikaa kwangu Mabatini miezi minne, akiwatembelea wagonjwa wenzake kwa kujikongoja, kisha akaomba arudi hapa Ilambila afie kwake, na tarehe 2 Oktoba 1999, alfajiri, dada akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, katika chumba kile chenye dirisha la buluu, Mama Maulida alibisha hodi akileta uji, dada akaitikia karibu, na hilo lilikuwa neno lake la mwisho. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu watano, na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa kinu, ambao wamekuja na lori zima, Mchungaji Obedi na kwaya. Majirani pia nimeandikiwa niwashukuru. Jirani ninayemshukuru ni Mama Maulida na mume wake Mbaruku. Wengine tutaelewana sasa hivi.

Kwa sheria yenu wenyewe, fahali hajalipwa, kwa hiyo dada yangu ametengwa mpaka dakika hii, na anayehudhuria msiba wa aliyetengwa anatozwa faini. Luhende, shemeji, kaa, usinyanyuke, sijamaliza. Utaanza kujitoza wewe, au uanze na wazee wako? Ile harufu inayowatekenya pua tangu asubuhi ni fahali. Alizaliwa mwaka ule wa 1997 kwa ng'ombe wa Tereza, dada akamkuza mwenyewe, akaniagiza achinjwe leo, na akasema hii si faini, ni karamu, aliyelipa faini ameshalipa pale msalabani. Kuni mmeleta ninyi. Na agizo lenyewe ni hili, alisema, Suzana, ukimaliza kusema, upakue, na sahani ya kwanza ni ya Luhende, umnawishe mikono wewe, umpe wewe. Nimelia na agizo hili siku mbili. Nilitaka nimfukuze na koti lake lile. Nimeagizwa kunawisha na kupakua, lakini sikuagizwa kutabasamu, kwa hiyo Luhende, nitakumwagia maji, nitakupa nyama, na nitasimama mbele yako mpaka umeze, na kabla hujameza utanisikia nikikuambia maneno haya niliyoyaandika hapa chini, ambayo dada hakuyaona, ya kwamba wewe na uzao wako

Nani huyo anayenivuta gauni?

Mwacheni. Justa, mwache, usimvute, mwache aje. Njoo. Unasemaje, mama? Sema kwa nguvu, bibi ana kelele leo. Njaa? Unasikia njaa.

Subirini nimbebe.

Jamani, mzito huyu mtoto. Basi. Yale maneno ya hapa chini yalikuwa juu ya uzao wako, Luhende, na uzao wako umenikalia kiunoni unasema una njaa, siwezi kuyasoma, hayasomeki. Tereza mwanangu, ikunje hii karatasi, iweke jikoni chini ya sufuria. Lete birika na beseni, lete na sahani, nyama nyingi. Nyoosha mikono, shemeji. Hivyo. Haya, chukua. Utakula na mjukuu wako, sahani moja, lakini nikimtua hatakuja kwako mpaka umwite, na jina analoliitikia unalijua.

Sijasikia.

Mbele yake pale alipolala, Luhende, kwa sauti, miaka mitano inatosha.

Haya. Ameitika, ameshuka kiunoni kwangu, anakuja kwako. Dada, wewe lala. Aliyeitwa siyo wewe, ni huyu mdogo, na hodi zilizobaki tutaziitikia sisi.